Mshale wa Mafuta Ulipopanda

Pasi ya Mama ilikufa mwezi uliopita. Nasema ya Mama ingawa iko kwangu, kwa sababu alipohamia hapa kwa ajili ya magoti yake alikuja na vitu vitatu asivyotaka mtu aviguse: cherehani, Biblia ya Baba, na hiyo pasi. Jumamosi moja nikaketi nayo sebuleni, bisibisi mkononi, nikafungua plagi. Kazi yangu ni kurekebisha vipimo vya mitambo viwandani, kwa hiyo pasi si kitu cha kunitoa jasho. Lakini nilipoondoa kifuniko nilikuta waya mmoja umechomolewa makusudi, ncha yake imevikwa kitambaa kidogo na kuzungushiwa uzi wa buluu, mizunguko mingi iliyobanana, na mwishoni fundo dogo lililolazwa pembeni. Nikaweka bisibisi chini. Fundo la namna hiyo nilikuwa nimeliona mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi, chini ya kiti cha skuta ya Baba.

Wenzangu mliokulia Eastlands ya Nairobi mtakumbuka kwamba skuta haikuwa kitu cha kuonekana kila mahali. Watu walienda viwandani Industrial Area kwa miguu, asubuhi na mapema, mstari mrefu wa makoti na mifuko ya plastiki. Baba naye alikuwa katika mstari huo mpaka mzee mmoja aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao alipomwachia skuta yake. Ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, imebonyea ubavuni, na asubuhi ikikataa kuwaka ilitoa mlio ambao watoto wa mtaa wetu wa Jericho waliuchukua na kuugeuza jina. Waliiita Mbuzi. Baba hakukasirika. Alisema mbuzi angalau anakula majani, huyu wake anakula petroli.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa geji ya mafuta. Ungejaza tangi mpaka shingoni, mshale ungebaki umelala kwenye tupu, umelala fofofo. Kwa miezi kadhaa Baba alipima petroli kwa kijiti cha ufagio alichokitia alama kwa kisu, akikichovya na kukitazama juani. Mama alimtania kwamba amepata pikipiki inayotaka kupikiwa ugali, maana kila asubuhi ilikorogwa kwanza. Jumamosi moja Baba akasema imetosha. Akaiegesha nyuma ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo, akatandaza gunia, akaniita.

Sijui kwa nini aliniita mimi. Kaka sikuwa naye, labda ni hivyo tu. Baba alikuwa fundi wa kiwandani na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, polepole mno, namna iliyomkera Mama, ambaye kwa cherehani yake alimaliza sketi ya shule kabla chai haijapoa. Kabla ya kugusa kitu chochote Baba alikaa chini, akafuta mikono, akauliza maswali kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Nekesa, sema kwanza zenye zinafanya kazi," aliniambia.

Nikataja. Honi inalia. Indiketa inawaka. Taa nyekundu ya oili inawaka ukizungusha ufunguo.

"Sawa. Sasa sema yenye haifanyi."

Mshale wa mafuta, nikasema.

"Basi stima iko, betri inaitoa. Kama stima ingekosa, hizi zote zingekufa pamoja. Zikikufa pamoja usihangaike na moja moja, enda pale zinakutana. Ikikufa moja peke yake, ifuate hiyo moja mpaka mwisho."

Tukaufuata mshale mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa ndani ya tangi. Akatoa kifaa chenye mkono wa chuma chembamba na boya dogo la shaba kwenye ncha, akanieleza kwamba boya linaelea juu ya petroli, petroli ikipanda nalo linapanda, na mshale unafuata. Akanipa nilishike. Nikalitikisa karibu na sikio, kama mtoto yeyote angefanya, nikasikia kitu kinacheza ndani. Nikamwambia Baba kuna maji humo. Akalitikisa naye, kisha akacheka kicheko chake cha puani. Lilikuwa na tundu dogo lisiloonekana, limekunywa petroli likazama. Tulifanya kazi mimi na yeye: tukalianika siku mbili mpaka likakauka na harufu ikaisha, akaliziba kwa lehemu, tukalijaribu ndani ya beseni la maji. Liliporudishwa ndani ya tangi akanipa ufunguo nizungushe mwenyewe. Mshale ulitetemeka, ukainuka, ukasimama juu ya nusu. Nilicheka mpaka Mama akatoka nje kuona kuna nini.

Toka siku hiyo kila mgeni alionyeshwa. Ndugu yake Baba, tuliyemwita Baba mdogo, alipokuja kututembelea kutoka Bungoma, Baba alimketisha juu ya skuta, akazungusha ufunguo na kumwambia kwa utani, "Mshale ukipanda ujue iko hai. Ukilala, imekufa, tafuta pa kuizika." Baba mdogo hakujua lolote la mashine. Alikuwa mtu wa shamba na ng'ombe, na maneno ya kaka yake aliyameza mazima bila kutafuna.

Mama naye alikuwa na mipango yake na Mbuzi. Alishona sare za shule kwa maduka ya Eastleigh na Majengo, na furushi alilipeleka kichwani, mara tatu au nne kwa wiki, akirudi na vitambaa vipya kichwani vilevile. Baba akaona kwamba yeye kiwandani anaweza kuendelea kwenda kwa miguu siku hizo, Mama achukue skuta. Jumapili baada ya kanisa walikwenda uwanjani, Mama amevaa suruali ya Baba ndani ya gauni, Baba anakimbia kando yake ameshika kiti. Wanawake wa mtaa walisimama kwenye ukuta kutazama. Wengine walisema mwanamke wa Guild, chama cha akina mama kanisani, hapaswi kuonekana hivyo. Mwezi wa pili wa mafunzo hayo Baba aliacha kukimbia, akawa anasimama tu katikati ya uwanja huku Mama akimzunguka, na mimi nikasimama naye nikimshangilia. Mama alikuwa anakwenda Eastleigh na furushi limefungwa nyuma kwa mipira ya baiskeli, na jioni alikuwa anarudi akiimba.

Kisha Baba aliugua homa, wiki mbili tu, na akafa. Sitasema mengi juu ya hilo. Nakumbuka harufu ya petroli kwenye koti lake la kazi lililoning'inia nyuma ya mlango, na jinsi nilivyokuwa napita karibu nalo kwa makusudi. Nakumbuka pia kwamba sikulia kule mazishini Bungoma, na kwamba niliporudi Nairobi sikucheka wala kuzungumza sana, na mwalimu alimwita Mama kumuuliza kama nasikia vizuri.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa nywele, na wazee hukaa na kusema mali ya marehemu itaenda kwa nani. Nilikuwepo, nimekaa kwenye majani na shangazi zangu. Suti ilipata mtu, redio ikapata mtu. Walipofika kwenye skuta mzee mmoja akasema hiyo ni ya mwanamume, apewe mdogo wake. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaiendesha, ndiyo inayompelekea kazi. Wazee walitabasamu kama watu waliosikia mtoto akiomba kuchinja. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme wazi, na siku hiyo aliona haya kidogo. Alisema atakuja Nairobi shule zikifungwa kuitazama. "Mshale ukiwa unapanda nitaibeba," alisema. "Ukiwa umelala, hiyo ni chuma tu, shemeji abaki nayo." Wazee wakakubali, mambo yakaisha hivyo.

Kwa hiyo tulirudi Jericho tukijua. Mama alitaka skuta ibaki, na mimi nilijua anaitaka, kwa sababu aliniambia jioni moja akipasi sare, kwamba ikienda atarudi kubeba furushi kichwani na hajui shingo yake itavumilia mpaka lini. Aliifunika kwa shuka kuukuu kwenye korido. Kwa desturi hakutakiwa kuiendesha miezi ile ya matanga, basi ikakaa hivyo, na mimi sikuifunua.

Sasa nieleze akili yangu ya miaka kumi, maana ndiyo iliyotuponza. Shuleni kwetu vitabu vilikuwa vya shule, watoto watatu kitabu kimoja. Mwisho wa muhula mwalimu alipita na kuvikagua. Aliyekitunza vizuri, akakifunika kwa gazeti na asikikunje masikio, aliachiwa akae nacho likizo nzima. Aliyekirarua alinyang'anywa akapewa mwingine. Mimi sikuwahi kunyang'anywa. Nikaelewa kwamba dunia yote inakwenda hivyo: mkaguzi anakuja, akikuta kitu kinatunzwa anamwachia mwenye kukitunza. Yale maneno ya Baba mdogo niliyasikia vizuri kwa masikio yangu, lakini niliyageuza kichwani nikaona mtu mzima hawezi kumaanisha hivyo. Nani achukue kizima na kuacha kibovu? Nikaona labda alisema kinyume kwa sababu ya msiba.

Likizo ikaanza. Jumamosi ambayo Baba mdogo alitarajiwa, Mama alitoka asubuhi kwenda soko la Gikomba kutafuta kuku wa mgeni. Nikaifunua skuta. Nikachukua kitambaa nikaipangusa yote, nikaisukuma nyuma ya nyumba kwenye jua, nikazungusha ufunguo ili niuone mshale ukipanda. Haukupanda.

Jirani yetu Otish, rika langu, alikuwa ameketi juu ya karo la maji akila muwa. "Hiyo Mbuzi imededi, Neki," alisema. "Wachana nayo."

Baba mdogo angefika wakati wowote na angekuta kitabu kimeraruka. Halafu nikafanya alivyofanya Baba. Nikakaa chini, nikafuta mikono kwenye gauni, nikajiuliza kwa sauti: zenye zinafanya kazi ni zipi? Nikabonyeza honi: kimya. Indiketa: kimya. Taa ya oili haikuwaka. Hakuna hata kimoja. Otish aliacha kutafuna. Nikamwambia, kwa lafudhi ya Baba kabisa, kwamba zikifa pamoja usihangaike na moja moja, unaenda pale zinakutana. Akaniuliza zinakutana wapi, na nikagundua kwamba najua. Zilikutana kwenye betri.

Tukainua kiti. Kulikuwa na kijisanduku cha betri, na waya mwekundu ulikuwa umetolewa mahali pake na kukunjwa kando. Ncha yake ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe na uzi wa buluu, fundo limelazwa pembeni, safi kabisa. Niliukata uzi kwa wembe wa Mama, nikauvua ule mkunjo mdogo, nikaupapasa. Mtu aliyefanya kazi hiyo hakuwa na haraka. Nikaamua ni Baba. Nilikuwa na hakika kwamba katika siku zile za homa, kabla hajashindwa kutembea, alikwenda kwenye korido akautoa waya ili betri isiishe, akaufunga kama kidonda, akijua kwamba mimi nitaufuata mpaka mwisho na kuukuta. Kile kitambaa nilikitia kwenye mkebe wangu wa jometri. Nikaurudisha waya, nikaukaza kwa spana yake ndogo, nikamwambia Otish azungushe ufunguo yeye, mimi nikauinamia mshale.

Mshale ukapanda. Ulipanda mpaka juu ya nusu, palepale Baba alipoacha petroli yake. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, na nilipogeuka Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kuku mkononi, na nyuma yake Baba mdogo na begi lake, walikuwa wamekutana njiani.

Baba mdogo alikuja akainama juu ya kile kioo kidogo. Akazima, akawasha tena. "Iko hai," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni na furaha pamoja, nadhani alimkumbuka kaka yake. Kisha akauliza nani ameiwasha.

"Ni mimi, Baba mdogo," nikasema. "Waya ya betri ilikuwa imetolewa, imefungwa na kitambaa na uzi."

"Imefungwa na nani?"

"Na Baba."

Akamtazama Mama. Mama alikuwa bado amemshika yule kuku kwa miguu, na utepe wake wa kupimia ulikuwa shingoni, alisahau kuuvua alipotoka.

"Ni kweli, shemeji," alisema. "Alikuwa anaifunga hivyo."

Halafu alikuja mpaka nilipokuwa, akaweka mkono wake uliokuwa mtupu juu ya kichwa changu, akautazama ule mshale kwa muda. "Umefanya kazi safi, Nekesa," akaniambia. "Safi kabisa." Akaingia ndani kupika chai.

Kesho yake baada ya ibada Baba mdogo alikuja na lori lililokuwa linarudi magharibi tupu. Wanaume watatu waliinua Mbuzi wakailaza juu ya magunia. Sikuelewa. Nilikimbia kando ya lori nikiitazama, na kwa mara ya kwanza niliona chini ya bamba la gurudumu la nyuma, tope kavu, tope jingi, ambalo sikulisugua. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Aliliona tope. Aliona hatuitunzi. Kwa miaka niliibeba hatia ya tope lile, na hakuna aliyejua naibeba, na hata leo siwezi kuosha kitu nikaacha upande wa chini.

Mama alirudi kubeba furushi kichwani. Likizo nilikuwa naenda naye, tunakata njia za nyuma kupita ukingoni mwa Majengo mpaka Eastleigh, yeye mbele na lake, mimi nyuma na langu dogo. Hakuwa anaimba tena njiani, lakini hakunung'unika. Alifanya hivyo mpaka nikamaliza chuo. Popote nilipofika shuleni alinisemea vilevile kwa watu: huyu ni fundi, alitengeneza geji ya baba yake akiwa na miaka kumi. Alilisema kwa walimu, kwa mchungaji, kwa mume wangu siku alipokuja kujitambulisha, na mimi niliona haya kila mara kwa ajili ya lile tope.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimeketi na plagi ya pasi mkononi. Nikainuka, nikaenda jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anachambua mboga za kunde. Nikamwonyesha waya.

"Ni mimi nilitoa," alisema bila kuinua kichwa. "Huyu kijana yako anacheza na swichi. Nikaona afadhali ajue imeharibika, kuliko kumpigia kelele kila siku."

Nikasema, "Mama. Na ile ya skuta?"

Mikono yake iliendelea kidogo, majani huku, vijiti kule, kisha ikatulia. Hakuuliza skuta ipi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Ungenichapa hata. Umetembea na magoti haya miaka yote hiyo kwa sababu yangu, na unaenda ukinisifu kwa watu."

"Ulikuwa umeitengeneza," alisema. "Ningesema hukutengeneza?"

"Mama."

Akanitazama sasa. "Wewe hukuwa umecheka tangu tumzike babako. Miezi minne. Hata mwalimu aliniita. Halafu nafika hapo kwa kona nasikia mtu anacheka, nikafikiri ni mtoto wa jirani." Akarudi kwenye kunde zake. "Pikipiki iende tu, nikasema. Hiyo kucheka ibaki."

Nililia pale jikoni, mtu mzima mwenye mafundi sita chini yangu, na Mama akaniacha nilie, akanisogezea sahani nichambue naye.

Baadaye nilirudi sebuleni, nikaufungua ule uzi wa plagi kuona alivyoufunga. Nilichukua uzi wa buluu kutoka kwenye droo ya cherehani, nikaivika ncha ya waya kile kitambaa tena, nikazungusha, nikabana, na fundo nikalilaza pembeni kama alivyolilaza yeye. Halikutoka vizuri sana. Nilikuwa nakaza parafujo ya mwisho ya kifuniko mwanangu alipokuja kuegemea bega langu, akauliza kama pasi ya nyanya yake imepona.

Nikamwambia bado.